Lupini Kwenye Sahani ya Mama

Mama yangu aliihukumu Uingereza nzima kwa sahani moja. Ilikuwa sahani ya kauri yenye mstari wa buluu ukingoni, mojawapo ya zile alizozifunga ndani ya kanga tulipohama Mombasa. Aliipeleka kwa jirani imejaa mbaazi za nazi, na mahamri pembeni yamefunikwa kitambaa. Kesho yake sahani ilirudi imeoshwa, imekaushwa, inang'aa. Haikuwa na kitu.

"Tupu," Mama alisema, akaigeuza hata chini yake. "Amenirudishia sahani tupu."

Nilijaribu kumtetea yule bibi wa watu. Nilisema labda huku ndiyo adabu yao, kuosha chombo na kukirudisha upesi. Mama alinitazama kana kwamba nimesema huku ndiyo adabu yao kutembea uchi.

Kwetu Mombasa sahani ya jirani hairudi tupu. Sisi Wahindi wa pale tulikuwa na mambo yetu mengi ya kujitenga na watu, lakini katika hili tulikuwa Waswahili kamili. Sahani ikija na biriani inarudi na maandazi, ikija na maandazi inarudi na embe. Siku nyumba imekauka unatia sukari kidogo, au konzi ya mchele mbichi, na mwenye sahani anaelewa na hakusemi. Sahani tupu ni kumwambia mwenzio: tumemalizana. Ndivyo Mama alivyolielewa jambo lile, na hakuna Kiingereza changu cha shule ambacho kingemtoa hapo.

Tulikuwa tumepanga nyumba Rayners Lane, pembezoni mwa London, katika safu ya nyumba zilizoshikana ukuta kwa ukuta, kiasi kwamba ulisikia jirani akikohoa lakini hukumwona uso wiki nzima. Baba, aliyekuwa karani bandarini, sasa alifanya kazi ya shifti katika kiwanda cha taa. Mimi nilikuwa na miaka kumi na tisa, napiga taipu ofisini mjini, natoka asubuhi na treni na kurudi jioni nikijiona mtu mkubwa. Mama alibaki peke yake. Mombasa mlango wake wa jikoni ulikuwa haufungwi tangu alfajiri. Watu waliingia kuomba bizari, wakakaa mpaka adhuhuri. Huku mlango wa jikoni ulifungwa kwa sababu ya baridi, na aliyeufungua alikuwa Mama mwenyewe, akienda kuanika nguo ambazo hazikauki.

Mama mdogo wangu, mdogo wake Mama, alikuwa amehamia mji wa Lesta. Mtaa wake ulikuwa umejaa watu wetu kutoka Mombasa, Kampala na Dar, na kila alipotutembelea alituletea gunia dogo la mbaazi kavu na gunia kubwa la maneno. "Dada, unakaa hapa kama mfungwa, kwa nini? Kwangu ukipiga chafya, mitaa mitatu inakwambia afya." Mama alikuwa akilia mama mdogo akiondoka. Mwishowe Baba alimwahidi: tujaribu mwaka mmoja. Ukifika mwaka na bado huna mtu, nitaacha kazi, tutahamia Lesta.

Baba alikuwa mtu wa ahadi. Mimi sikuitaka Lesta. Nilikuwa nimelipenda jiji hili vibaya sana, pamoja na mvua yake na mabasi yake, na niliogopa, nasema wazi, niliogopa kila siku. Ndiyo maana baada ya ile sahani tupu nilikwenda kwenye ua wa nyuma, nikamsubiri jirani atoke.

Alikuwa mjane mrefu, mwenye mifupa mikubwa, anayevaa kofia ya sufu hata akiwa bustanini kwake. Bustani yetu ilikuwa nyasi na kamba ya nguo. Yake ilikuwa na maua ya kila namna, na nyuma kabisa palikuwa na kitalu kilichoinuliwa, chenye udongo mwepesi usiofanana na udongo mwingine wa mtaa ule, ambao ni mfinyanzi mtupu. Humo yalisimama maua ya buluu, moja juu ya jingine kwenye mashina marefu.

Sikuzunguka. Nilimwambia Mama ameumia, na sababu ni sahani. Bibi yule aliwiva uso mpaka shingoni. "Nilidhani niiharakishe," alisema, "ili asije akaihitaji." Akaniuliza angepaswa kutia nini. Nikamwambia chochote, hata kidogo, mradi kimetoka kwake. Nilisema sawasawa kabisa kama ilivyo, na nitalishikilia hilo mpaka kaburini, maana baadaye lawama zilinijia mimi.

Nilirudi ndani nikamwambia Mama mwanamke yule hakujua, na ameomba radhi. Mama aliendelea kukanda unga. Kisha alisema, "Basi nampa mara moja tena. Akinirudishia tupu, nafunga virago." Akapeleka sambusa, ile ile sahani ya mstari wa buluu.

Sahani ilirudi nikiwa kazini. Jirani alibisha, Mama alikuwa anaswali, alipotoka aliikuta kizingitini imefunikwa kitambaa cha jikoni. Jioni nilipofungua mlango nilimkuta Mama kasimama ukumbini ananingoja, uso umemng'aa. Alinishika mkono akanivuta jikoni.

"Tazama. Ameniletea nafaka."

Sahani ilikuwa imejaa mbegu ndogo za mviringo, za rangi ya kahawia yenye madoadoa. Zilikuwa jamii ya kunde, hilo hata mimi niliona. Mama alikuwa ameshazipepeta na kutoa vijiti. Aliniuliza Waingereza wanaziitaje. Sikujua. Alisema si choroko, si fiwi, si dengu, ila hazikosi undugu na mbaazi, na mbaazi yeye aliijua tangu ingali ua. Kwa Mama jambo lilikuwa wazi. Mwanamke ameambiwa sahani hairudi tupu, hakuwa na chakula kilichopikwa, akatia konzi ya nafaka mbichi, kama vile mtu yeyote mwenye akili angefanya. Ila huyu alijaza sahani, maana alikuwa na deni la ile ya kwanza. Mama alifurahi hata akaimba.

Alizimimina kwenye kopo la maziwa ya unga, kisha akachota za kupika, akaacha kiasi kilekile cha siku zote. Mama hajapata kulimaliza kopo la nafaka hata siku moja. Huacha konzi moja chini, ya baraka, ili nafaka nyingine ijue njia. Baba alikuwa akimcheka kwa hilo Mombasa na akaendelea kumcheka London.

Aliziloweka. Asubuhi nusu yake zilikuwa hazijavimba hata kidogo, zimekaa majini ngumu kama changarawe. "Kunde za nchi hii ni kama watu wake," Mama alisema, "hazifunguki upesi." Akazichemsha. Akabadilisha maji akachemsha tena. Nyumba nzima ilinuka nyasi mbichi. Alipoonja ncha ya kijiko alifumba macho, akaenda kwenye bomba akasukutua. Baba, aliyejiona shujaa, alitia punje moja mdomoni akaitema kwenye leso.

"Hii ni kwinini," alisema. "Tumeletewa dawa ya malaria."

Mtu mwingine angemwaga. Lakini chakula cha jirani hakimwagwi, hasa chakula ambacho umekililia. Mama aliongeza ukwaju. Akaongeza sukari guru. Akakata ile nazi ya huku iliyogandishwa kama kipande cha sabuni, akaiyeyusha yote. Uchungu ulikaa palepale, sasa una tui juu yake. Baba aliapa kwamba hatagusa tena, na mimi nikaapa pamoja naye.

Mama alifikiri, kisha akatoa uamuzi ambao ni yeye tu angeutoa. Kosa lazima liwe lake. Wenye nafaka yao wana namna yao ya kuipika, na hakuna aibu kuuliza. Angemwalika jirani Jumapili, amkaribishe kwa mahamri na mbaazi zetu, na pembeni amwekee bakuli la zile kunde zake, aone kwamba zilipokewa kwa heshima. Halafu mimi niulize, kwa upole, zinatolewaje uchungu.

Jumapili jirani alikuja na kofia yake, amepaka poda, ameshika mkoba kwa mikono miwili. Alikaa kwenye kiti alichoonyeshwa. Mama alimmiminia chai ya maziwa yenye iliki, akamsogezea mahamri, akamsogezea mbaazi, na mwisho, kwa fahari, akamsogezea lile bakuli.

"Na hiki ni nini?" jirani aliniuliza, kijiko kimeshafika bakulini.

"Ni zako," nikasema. "Zile ulizotuletea."

Kijiko kilirudi mezani polepole. Poda ilibaki usoni lakini damu yote iliondoka. "Mmezila?"

"Tumeonja tu. Ni chungu sana. Mama anauliza mnazipikaje."

"Hazipikwi," alisema. "Ni sumu."

"Anasemaje?" Mama aliuliza, akitabasamu kwa mgeni.

Kuna nyakati mkalimani anatamani angezaliwa bubu. "Mama," nikasema, "anasema ni sumu."

Tabasamu la Mama lilikwama. Alitazama bakuli, akamtazama mgeni. "Sumu? Nimempa sambusa, akanipa sumu?" Jirani naye alikuwa anatazama bakuli, na macho yake yalikuwa yamejaa machozi. Nikawa katikati ya wanawake wawili, mmoja anadhani nusura auawe, na mwingine analia kwa jambo nisilolijua. Baba aliondoka mezani, akasema anakwenda kuangalia kama mvua inanyesha. Haikuwa inanyesha.

Ilibidi nimwombe jirani aeleze. Zile zilikuwa mbegu za maua, za kupanda. Ni ile buluu ya kitalu cha nyuma, lupini ya mwituni. Marehemu mumewe alipokuwa kijana alikwenda Amerika kukata miti, katika misitu ya misonobari yenye udongo wa mchanga mtupu, na huko chini ya misonobari mmea huu unajiotea wenyewe, haulimwi wala haumwagiliwi. Majira ya baridi hukauka mpaka chini, ukadhani umekufa, na masika huchipua tena kwenye mzizi uleule mwaka hata mwaka. Jua likiwaka maganda yake hujipinda yakapasuka kwa mlio, mbegu zikaruka. Kijana yule alizikusanya kwenye kopo la tumbaku, akarudi nazo. Kwa kuwa mfinyanzi wa Rayners Lane ungeziozesha, alileta mchanga kwa ndoo, juu ya baiskeli, akazijengea kitalu. Tangu afariki, mkewe huokota mbegu kila mwaka kabla hazijaruka. Hakuwahi kumpa mtu.

"Mimi sijui kupika," alisema. "Nilizunguka jikoni kwangu, nikatazama kila kabati. Hakuna kitu kilichostahili kukaa kwenye sahani ya mama yako. Nikampa kitu kizuri kuliko vyote nilivyonavyo."

Nilimtafsiria Mama yote, kuanzia misonobari mpaka kabati. Mama alisikiliza mikono ikiwa mapajani. Alilitazama tena lile bakuli, tui limeganda juu, ukwaju pembeni.

"Lo," alisema mwishowe. "Nimempika mumewe."

Sikutafsiri. Nilisema Mama amesikitika. Lakini yule bibi hakuwa mjinga. Neno lilikuwa fupi na tafsiri yangu ndefu. "Amesema nini hasa?"

Nikamwambia. Nilijua ndio mwisho wa ujirani, na kwamba mwezi ule ule tungekuwa Lesta, mitaa mitatu ikituambia afya. Jirani alikodoa macho. Bega lake likaanza kutikisika, kisha la pili, kisha akatoa kicheko cha nguvu ambacho sikudhani kinaweza kukaa ndani ya mtu mwenye mkoba wa namna ile. Kofia ilimteleza mpaka sikioni. "Na nazi," alisema akipumua kwa shida. "Alikuwa hapendi nazi." Nilipomtafsiria hilo Mama alijifunika uso kwa mtandio, akacheka mpaka akakaa chini, kwenye sakafu ya jikoni. Baba alirudi akatukuta watatu tunalia, akaamua mvua ilikuwa afadhali.

Aliyenyamaza kwanza ni Mama. Aliinuka ghafla, akaenda kabatini, akalishusha kopo la maziwa na kuliinamisha mbele ya mgeni. Chini kabisa ilikuwapo ile konzi ya baraka. Jirani aliingiza vidole akazigusa, moja moja. Kisha alizipima ugumu kwa ukucha, akavua kofia kwa mara ya kwanza, akaniambia nimtafutie mama yangu viatu vya bustanini.

Mama hakuwa na viatu vya bustanini. Alivaa buti za Baba, na sweta ya Baba juu ya gauni lake refu. Tuling'oa nyasi za mwenye nyumba bila kumwomba ruhusa, kwenye pembe inayopata jua. Tulibeba mchanga wa marehemu kwa ndoo, tukaupitisha juu ya ua, mimi huku na jirani kule. Jirani alituonyesha jinsi ya kuikwaruza kila mbegu kidogo kwa kisu ili maji yapite, maana bila hivyo hukaa ardhini zimenuna. Mama alitaka kuleta mbolea. Alikatazwa, lupini haitaki udongo ulioshiba, alisema jirani, hujitafutia chakula chake yenyewe kwenye mizizi. Mama alipenda sana kusikia hivyo. Alipiga magoti kwenye ardhi ya Uingereza kwa mara ya kwanza, akasema bismillahi, akaanza kuzizika.

Baada ya siku ile jirani alijifunza mlango wa jikoni. Alianza kwa kubisha, akaja akaacha. Sahani zilikwenda na kurudi. Zetu zilikwenda na bajia, na mkate wa mayai, na samaki wa kupaka. Zake zilirudi na keki zilizoungua, na matunda ya kopo, na kitu cha jeli kilichotikisika njia nzima. "Hajui kupika, maskini," Mama alisema, "lakini anajua kurudisha." Walizungumza saa nzima kila mmoja kwa lugha yake, na nilipojitolea kutafsiri waliniambia niwaache.

Kwenye kitalu chetu baridi ilipita juu ya mchanga mtupu. Masika yakatoka majani, kila jani limekunjuliwa kama kiganja, na asubuhi kila kiganja kilishika tone moja la maji katikati. Mama alikwenda kuyatazama kabla ya chai.

Mwaka wa Baba ukatimia. Mama mdogo alikuja na mumewe na gari, si kwa matembezi. Nyumba iliyopakana nao kule Lesta ilikuwa inaachwa. Mwenye nyumba hiyo alitaka jibu siku ileile. Tuliketi sebuleni. Baba alisema ahadi ni ahadi, kauli ni ya mama watoto, na akaangalia zulia. Mimi nilimimina chai ili nisimtazame mtu.

Mama mdogo alikuwa amepita bustanini. "Ile uliyopanda ni mboga gani?"

"Hailiwi," Mama alisema. "Ni sumu."

"Umechimba shamba zima kwa kitu kisicholiwa?"

"Kina maua. Lakini si mwaka huu. Mwakani."

Mama mdogo alinitazama mimi, akitaka kujua dada yake ameanza lini kuumwa. Akarudi kwenye shauri: vyumba vitatu, jiko pana, majirani wote wa kwetu, mlango hausikii kufuli. Kila alilosema lilikuwa kweli, na nilimwona Mama akilisikiliza kwa hamu, maana vitu hivyo ndivyo alivyokuwa akivililia. Alipomaliza, Mama aliinuka, akajifunga mtandio.

"Ngojeni kidogo," alisema. "Nina sahani ya jirani. Siwezi kutoa jibu na sahani ya mtu iko kwangu."

Aliipakia maandazi akatoka kwa mlango wa jikoni. Tulingoja. Chai ilipoa, ikapashwa, ikapoa tena. Ukutani tulisikia sauti ya Mama, na ya jirani juu yake, kisha ule mcheko. Mume wa mama mdogo alilala kitini. Mama mdogo alianza kuitazama saa ya ukutani kwa macho ya kuigombeza.

Mlango wa jikoni ulifunguka. Mama aliingia, uso umemwiva kwa upepo, na mkononi alikuwa na sahani nyingine, imejaa.

"Haya, dada," mama mdogo alisema. "Jibu."

Mama aliiweka sahani mezani akaifunua. Ilikuwa keki, nyeusi upande mmoja.

"Nitaondokaje?" alimuuliza mdogo wake, kwa huzuni ya kweli kabisa. "Huoni nina sahani ya mtu?"

Mama mdogo alifungua mdomo. Lakini naye ni mtoto wa Mombasa, alilelewa jiko moja na Mama, na sheria ya sahani aliijua. Akaishia kumwamsha mumewe. Baba alinyoosha mkono akachukua kipande cha keki, akakila chote pamoja na ule upande ulioungua, akaomba kingine.